Kukunja si kuchuja: Kauli ya kutendua na sauti tunazohifadhi kwenye simu

KATIKA soko la Kimulot, eneobunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, hukosi kibanda ambacho kazi yake ni kujaza nyimbo kwenye simu za watu. Mchumaji akishapima majani yake ya chai hupitia pale, hutoa kadi ya memori kwenye simu na kusema: “Niwekee mziki wa hamsini.” Kijana wa kibanda huichomeka kadi kwenye kompyuta, akanakili nyimbo, akairudisha. Huduma imekwisha.

Majuzi nilikuwa nimejikinga mvua katika kibanda kama hicho alipoingia mama mmoja mzee. Alikuja kuchukua kadi aliyoiacha asubuhi. Ndani ya kadi hiyo hamkuwa na nyimbo za kununua. Mlikuwa na rekodi ya dakika 3 iliyonaswa na mjukuu wake kwa simu ndogo miaka kadhaa iliyopita, siku ambayo marehemu mumewe alipiga ala yake ya nyuzi huku watu wa boma wakiitikia.

“Kogo, ile rekodi ilikuwa na sauti mbaya, lakini nimeibadilisha,” kijana alimwambia, akitumia neno la heshima ambalo Wakipsigis humwitia nyanya. “Sasa ni MP3, tena ile kubwa ya 320. Ona, kwanza ilikuwa kilobaiti 275, saa hii ni megabaiti 7. Kwaliti imerudi.”

Mama aliiweka simu sikioni, akaskiza kwa muda. “Mbona nyuzi sizisikii, mwanangu? Nasikia watu wakiimba kama wako ndani ya mtungi.”

“Labda ni simu yako, Kogo. Tafuta simu ya MP4.”

Kijana huyo hakuwa mlaghai. Alifanya kazi yake kwa moyo mweupe wala hakumtoza mama hata shilingi moja. Kosa lake lilikuwa la maneno, nalo ni kosa letu sote. Alisema ubora ‘umerudi’ ilhali kuna vitu ambavyo vikishaondoka havirudi. Alisema ‘nimeibadilisha’ bila kujua amebadilisha nini. Akaitaja MP4 kana kwamba ni ngazi ya juu ya MP3. Katika makala ya leo nataka kuonyesha kwamba Kiswahili, ndani ya sarufi yake, kina njia nyepesi ya kueleza kilichoisibu rekodi ile, na kwamba tukiitumia njia hiyo tutaokoa sauti nyingi zinazopotea kwenye simu zetu.

Chombo na kilichomo

Kwa muda mrefu Kiswahili kiliita sauti iliyohifadhiwa kwa jina la chombo kilichoibeba. Tulikuwa na santuri, kisha kanda, kisha kaseti, kisha sidii. Mtu aliposema “nina kanda ya harusi yetu”, neno kanda lilitaja ule utepe mwembamba uliozungushwa ndani ya kaseti na vilevile likataja sauti za siku ya harusi. Matumizi hayo yalitosha kwa sababu chombo na kilichomo havikutengana. Santuri ikivunjika, wimbo umevunjika. Kanda ikimezwa na redio, harusi imemezwa.

Leo mambo ni tofauti. Wimbo huohuo unaweza kukaa kwenye kadi, ukahamia kwenye flashi, ukapaa hadi kwenye simu ya ndugu aliye Dubai, yote ndani ya dakika moja. Kwa hiyo tunahitaji kutenga mambo matatu. Kwanza kuna kifaa au chombo, kwa mfano simu au kadi. Pili kuna faili, yaani kifurushi chenye jina kinachokaa ndani ya chombo hicho. Tatu kuna njia iliyotumiwa kuigeuza sauti kuwa tarakimu na kuipunguza ili itoshe kwenye faili. Njia hii ya tatu ndiyo wataalamu huiita kodeki.

Neno kodeki limeundwa kwa kuunganisha vipande viwili: cha kusimba na cha kusimbua. Kusimba hapa hakuhusiani na mnyama wa porini, bali na msimbo, yaani alama za siri au za kifupi. Upande mmoja sauti husimbwa inapohifadhiwa, na upande wa pili husimbuliwa inapochezwa. Wakenya wengi tayari wana nusu ya dhana hii sebuleni mwao. Nchi ilipohamia matangazo ya dijitali mnamo 2015, tulinunua ving’amuzi. King’amuzi ni kifaa kinachofanya ile kazi ya pili: hupokea msimbo na kuurudisha kuwa picha na sauti.

Neno MP3, basi, tumelibebesha mizigo mitatu kwa mpigo. Tunasema “nimenunua MP3” tukimaanisha kifaa, “nitumie MP3” tukimaanisha faili, na “iko kwa MP3” tukimaanisha kodeki. Kwa asili ni jina la kodeki. Kundi la wataalamu wa kimataifa liitwalo MPEG lilitoa viwango vya kusimba sauti mwanzoni mwa miaka ya 1990, vikiwa na matabaka matatu. Tabaka la tatu ndilo lililokuja kuitwa MP3, na taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ikaamua mnamo 1995 kwamba faili zake zimalizikie kwa herufi hizo.

Kwa hiyo ile 3 ni nambari ya tabaka. MP4 nayo hutokana na kiwango kingine, MPEG-4, na si kodeki bali ni kifurushi ambacho ndani yake unaweza kutia picha, sauti na hata maandishi, kila kimoja kikiwa na kodeki yake. Kusema MP4 ni bora kuliko MP3 ni kama kusema gunia ni bora kuliko mahindi. Na zile redio ndogo za sokoni zilizoandikwa ‘MP5’? Hilo ni jina la biashara tu, kwa kuwa hakuna kiwango cha MPEG chenye jina hilo.

Kodeki hufanya nini?

Sauti ni mtetemo wa hewa. Kompyuta huupima mtetemo huo mara nyingi kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Kwenye sidii ya muziki, vipimo 44,100 huchukuliwa kila sekunde kwa kila sikio, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16. Ukizidisha hesabu hiyo kwa masikio mawili, unapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Wimbo wa dakika 4 hula megabaiti 42 hivi. Kwenye kadi ya gigabaiti 2 zingetosha nyimbo 47 tu.

Hapo ndipo MP3 huingia. Wimbo huohuo ukisimbwa kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula chini ya megabaiti 4, na kadi ileile hubeba zaidi ya nyimbo 500. Yaani sehemu 10 kati ya 11 zimeondolewa. Zimeenda wapi?

Zimetupwa. Waundaji wa MP3 walichunguza sikio la binadamu na udhaifu wake. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kati ya 20 na 20,000 hivi kwa sekunde, lakini halisikii yote kwa pamoja. Sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo. Ukiwa shambani Kimulot na lori la kubeba majani chai likipita, ndege hajaacha kulia. Ni wewe usiyemsikia. MP3 hukisia ni sauti zipi zimefunikwa namna hiyo, kisha hukataa kupoteza nafasi kwa kuziandika kwa ukamilifu. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa wataalamu walioiunda, aliijaribu kodeki yake kwa kuusikiliza mara nyingi wimbo “Tom’s Diner” wa Suzanne Vega, ambao ni sauti ya mwimbaji peke yake bila ala. Sauti iliyo wazi kiasi hicho huanika kila kasoro.

Kuna kodeki za aina nyingine ambazo hazitupi kitu. Maarufu zaidi ni FLAC, iliyotolewa rasmi mnamo 2001. Hii hutafuta mahali ambapo tarakimu zinajirudia au zinaweza kutabiriwa, ikaziandika kwa kifupi. Faili ya FLAC mara nyingi hubaki kuwa nusu ya ile ya awali au zaidi kidogo, si sehemu moja kati ya 11. Lakini ukiisimbua unapata kila tarakimu kama ilivyokuwa, bila kukosa hata moja.

Kauli ya kutendua kama kipimo

Sasa tuje kwenye lugha. Katika mazungumzo, aina zote mbili huitwa ‘kubana’: “bana hiyo faili iingie kwa WhatsApp.” Hapa ndipo tunapojikwaa. Kitenzi bana kina mwenzake, banua, chenye maana ya kufungua kilichobanwa. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia ‘bana’, sarufi iliyo kichwani mwake humwahidi kwamba kuna njia ya kurudi.

Wanafunzi wetu hufundishwa kauli ya kutendua kwa mifano ya aina hii: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, fukia na fukua, pakia na pakua. Katika kila jozi, kitenzi cha pili hukiondoa kitendo cha kwanza na kuirudisha hali ya awali. Simba na simbua vimo katika orodha hiyohiyo. Lakini kuna vitenzi visivyo na jozi hiyo. Tunasaga mahindi, hakuna ‘kusagua’ unga ukawa mahindi tena. Tunapika, tunachinja, tunakaanga, na hakuna ‘kupikua’ wala ‘kuchinjua’.

Ni kweli kwamba kipimo hiki si cha chuma. Kamua haimaanishi kinyume cha kama, kwa kuwa vyote viwili ni kutoa maziwa kwenye chuchu. Hata hivyo, kama kipimo cha kuchagua istilahi, kauli hii inatufaa sana. Tujiulize: kitendo hiki kinaweza kutenduliwa au hakiwezi?

Napendekeza hivi. Kodeki kama FLAC tuseme ‘hukunja’ sauti. Leso ikikunjwa huchukua nafasi ndogo kabatini, na ikikunjuliwa ni leso ileile, maua yote na maandishi yote. Kodeki kama MP3 tuseme ‘huchuja’ sauti. Watu wa nchi ya chai hawahitaji kufafanuliwa neno hilo. Chai ikishapita kwenye chujio, unakunywa kilicho kikombeni na makapi yanamwagwa. Hakuna kitenzi ‘chujua’ chenye maana ya kutendua chuja, na hakuna mtu aliyewahi kukihitaji, kwa sababu jambo lenyewe halipo.

Turudi sasa kwa kijana wa kibanda. Rekodi ya mama ilikuwa imechujwa tayari, siku ileile iliponaswa kwenye simu. Alipoifanya kuwa MP3 ya kilobiti 320, faili ilinenepa zaidi ya mara 26, lakini hakukuwa na sauti mpya ya kuijaza. Ni sawa na kumimina kikombe kimoja cha chai kwenye pipa kisha kudai chai imeongezeka. Mbaya zaidi, MP3 nayo huchuja. Chai iliyokuwa imechujwa mara moja ilichujwa mara ya pili. Maji yakimwagika hayazoleki.

Usemi na muziki

Lakini kwa nini nyuzi zilipotea na waimbaji wakabaki, japo kwa sauti ya mtungini? Jibu limo katika neno jingine la Kiswahili, sauti.

Neno hili kwetu ni pana. Mtu ana sauti, redio ina sauti, ngoma ina sauti. Wahandisi wa simu hawakuwa na uhuru huo. Walitaka kusafirisha maneno ya mtu mmoja anayeongea, kwa biti chache iwezekanavyo, hivyo wakaunda kodeki za usemi. Mojawapo ni AMR, iliyochaguliwa kwa ajili ya simu za mkononi mnamo 1999, na ambayo simu ndogo nyingi huitumia kurekodia pia. Inapofanya kazi kwa kiwango chake cha juu kabisa, AMR hutumia biti 12,200 tu kwa sekunde. Ndiyo maana dakika 3 za mama yule zilitosha kwenye kilobaiti 275.

Kodeki ya namna hii haiandiki sauti kama ilivyo. Huwa inafikiri kila inachokisikia kimetoka kwenye koo la binadamu: kuna pumzi, kuna mtetemo wa koo, kuna umbo la mdomo. Huandika mambo hayo, na upande wa pili hujenga koo la kubuni likatamka tena. Kwa mtu anayeuliza bei ya mbuzi, inafaa sana. Kwa waya uliochunwa na kwaya inayoitikia, ni balaa, kwa kuwa waya hauna koo. Kwa hivyo kodeki hii huuona mlio wa waya kuwa ndio makapi.

Isitoshe, AMR hupima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde, na mitetemo inayozidi 3,400 hivi haipiti. Athari yake tunaijua sote hata bila muziki. Nguvu kubwa ya sauti /s/ iko juu ya mpaka huo. Kwenye simu ya kawaida, /s/ na /f/ hukaribiana mno. Jaribu kumtajia mtu jina lenye S kwa simu na mara utasikia: “Ni S ama F?” Ukisema peke yake neno ‘sisi’, aliye upande wa pili anaweza kusikia ‘fisi’. Katika sentensi huokolewa na muktadha. Wimbo wa zamani wenye maneno ambayo vijana hawayajui tena hauna muktadha wa kuuokoa.

Je, Kiswahili kimekosea kutumia neno moja, sauti? La. Kodeki ya Opus, iliyosanifishwa mnamo 2012 na inayotumiwa kwa jumbe za sauti za WhatsApp, imefuata mkondo huohuo. Jina ni moja, lakini ndani yake mna idara mbili: moja iitwayo SILK, iliyotokana na Skype, kwa usemi, na nyingine iitwayo CELT kwa muziki. Neno pana si tatizo mradi chini yake kuna maneno mahususi. Kwa hiyo tuseme ‘kodeki ya usemi’ na ‘kodeki ya muziki’, tukijua zote ni za sauti. Mjukuu wa mama yule angejua kwamba simu yake ilirekodi kwa kodeki ya usemi, pengine angeazima simu nyingine siku ile.

Programu mwandani

Pengine utauliza: ni nani anayechagua kodeki? Katika nchi tajiri mwanzoni mwa karne hii, kazi hiyo ilifanywa na programu iliyoandamana na kifaa. Apple ilipotoa iPod mnamo Oktoba 2001, ikiwa na nafasi ya gigabaiti 5 na ahadi ya nyimbo 1,000 mfukoni, wimbo haukuingia kwa kunakiliwa tu kama faili. Ilibidi upitie programu ya iTunes. Sony nayo ilikuwa na kodeki yake, ATRAC, na programu yake, SonicStage. Kwa vifaa vya Sony vya mwanzo, wimbo wa MP3 uligeuzwa kwanza kuwa ATRAC ndipo ukaingia kwenye kifaa. Kilichochujwa kikachujwa tena, na mwenye wimbo akaona tu mstari unaosonga kwenye skrini na neno la upole kama ‘geuza’.

Kwetu Kenya, wengi hawakuwahi kuziona programu hizo. Tulipokea simu zenye kadi, na faili ikawa inanakiliwa moja kwa moja. Programu mwandani ya Kimulot ni yule kijana wa kibanda. Yeye ndiye anayechagua wimbo, anayetaja faili kwa jina, anayeamua kugeuza au kuacha. Ana uwezo wote wa SonicStage, pamoja na uwezo wa kuharibu. Tofauti ni kwamba unaweza kuzungumza naye. Ukimwambia “geuza”, hatakuuliza kitu. Ukimwambia “usichuje, nakili tu kama ilivyo”, atakuelewa.

Chemirocha

Eneo hili lina historia yake ya kurekodiwa, nayo inafaa kukumbukwa tunapoyajadili haya. Mnamo 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika na kutumia maisha yake kurekodi muziki wa bara hili, alifika Kapkatet, si mbali sana na Kimulot, akanasa nyimbo za Wakipsigis. Miongoni mwazo zimo zilizoitwa Chemirocha. Tracey alieleza kwamba jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mnamo 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku pamoja na gramafoni. Katika wimbo wa wasichana, mgeni huyo wa kwenye santuri alikuwa amegeuka kiumbe wa ajabu, nusu mtu, nusu paa.

Litazame jina lenyewe kwa jicho la mwanaisimu. Kikalenjin hakitenganishi /j/ na /ch/ kama Kiswahili kinavyofanya, basi ‘Jimmie’ likaanza kwa ch. Mlio wa mwisho wa ‘Rodgers’ ukaachwa. Mwanzo wa jina ukafanana na Che- ya majina kama Chebet, Cherono na Chelangat. Sikio la Mkipsigis lilifanya kile ambacho kodeki hufanya: likabakiza ilichokihitaji na kuacha kingine. Huko nako ni kuchuja. Mtu akikupa neno Chemirocha peke yake, bila maelezo, huwezi kulichujua ukampata Jimmie Rodgers.

Sisemi kuchuja ni dhambi. Bila kuchuja tusingekuwa na wimbo ule, wala maneno kama shule, meza na kodeki. Bila MP3 mchumaji wa Kimulot hangekuwa na nyimbo 500 mfukoni. Ninachosema ni kwamba mahali fulani pawe na ile ya kwanza, ambayo haijachujwa. Rekodi za Tracey zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mnamo 1954, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Takriban miaka 65 baada ya kunaswa, wahifadhi wa maktaba hiyo wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha nakala zake Kapkatet, watu wakawasikia jamaa zao. Kutokana na rekodi ya kwanza iliyotunzwa, unaweza kutoa santuri, sidii, MP3, chochote. Kutokana na kilichochujwa mara tatu, huwezi kutoa rekodi ya kwanza.

Yanayowezekana

Mwenye sauti ya thamani nyumbani, iwe ya nyanya akisimulia au ya mzee akipiga ala, afanye mambo machache. Kabla ya kurekodi, afungue mipangilio ya simu na achague WAV au FLAC zikiwapo. Zisipokuwapo, achague ubora wa juu kabisa. Asirekodi ndani ya WhatsApp kwa kitufe cha ujumbe wa sauti, kwa kuwa hapo sauti huchujwa inapotoka mdomoni. Akitaka kuituma, aitume kama hati, si kama ujumbe wa sauti. Aweke nakala mbili mahali pawili, maana kadi hufa bila kuaga. Na akimpelekea fundi au kijana wa kibanda, amwambie kwa maneno yasiyo na utata: hii ni ya kunakili, si ya kuchuja.

Walimu wa Kiswahili nao wanaweza kuingiza mifano hii darasani. Mwanafunzi aliyekariri funga na fungua kwa ajili ya mtihani atashangaa kuona kauli ya kutendua inamsaidia kuamua cha kufanya na rekodi ya babu yake.

Mvua ilipopungua pale Kimulot, nilimuuliza kijana kama faili ile ya kwanza bado ilikuwapo. Alikuwa ameifuta kwenye kadi, lakini nakala yake ilikuwa ingali kwenye pipa la taka la kompyuta. Akaitoa, akairudisha kwenye kadi. Hapo kitenzi rudi kilikuwa mahali pake: faili ilirudi. Nyuzi hazikurudi, kwa kuwa hazikuwahi kuingia vizuri tangu mwanzo.

Mama alisema kuna shemeji yake, ndugu wa marehemu, ambaye bado anaijua ile ala na nyimbo zake, ila mkono umeanza kutetemeka. Kijana akamwambia, “Kogo, mlete Jumamosi. Simu yangu inarekodi WAV.” Nilitoka kibandani wakipanga saa.